Mgeni wa Kiti cha Pili

Wewe unayesoma haya una haki ya kutoniamini, nami sitakulaumu. Nilisoma ng'ambo, nikarudi na shahada, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiwacheka waziwazi watu waliosimulia habari za namna hii barazani. Sasa siwacheki. Ninayoyaeleza hapa yalinitokea mimi, nikiwa mzima wa akili, sijalala wala sina homa, katika njia ya Jozani ambayo nimeipita mara nyingi kuliko njia ya kwenda kwa jamaa zangu. Sijaongeza neno. Kama kuna kitu nilichokipunguza, ni uso wa yule mgeni, na sababu yake utaiona mbele.

Nianze na gari, kwa maana bila ya gari nisingekutana naye.

Nilipolinunua nilikuwa nimekwisha kupita umri wa kununua vitu vya aina ile. Lilikuwa gari la michezo, la viti viwili, la kijani kibichi, halina paa ila turubai la kukunjwa nyuma ya mgongo. Aliyeniuzia ni Bwana Hasham, mwenye duka la magari Mlandege. Mama yangu alikuwa amefariki nikiwa bado masomoni; sikuwahi hata kumtia mchanga. Niliporudi niliikuta nyumba yetu ya Malindi vyombo vyake vimepangwa kama alivyoviacha, na mimi peke yangu ndani yake. Huenda ndiyo sababu nikalitaka gari lile. Mtu akikaa katika nyumba iliyonyamaza hutamani kitu chenye kelele.

Majuto yalikuja upesi. Gari haliingii katika vichochoro vya mjini, kwa hiyo nililazimika kuliacha Darajani, mbele ya macho ya kila mtu. Hilo ningelivumilia. Nisilolivumilia ni kile kiti cha pili. Gari la wazi halifichi kitu, na likiwa la viti viwili humwonyesha kila mpita njia kwamba kimoja hakina mtu. Wauza samaki walikuwa na mzaha wao kila nikipita.

"Bwana, hicho umemwekea malaika?" mmoja huuliza.

"Mwache," mwenziwe humjibu. "Mwenyewe yuko njiani, bado anavaa."

Nilikuwa nikicheka nao. Nikifika nyumbani sikucheka.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa kwa Bi Zuwena, mjane aliyekuwa akisomesha skuli ya wasichana, mwanamke mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Yeye hakunikataa. Aliyeniwekea kikwazo ni kaka yake, Maalim Suleiman, na kikwazo chenyewe kilikuwa gari.

"Dada yangu si mkungu wa ndizi," aliniambia sebuleni kwake, "apakiwe juu, watu wamtazame toka Malindi hadi Mnazi Mmoja. Tafuta gari lenye paa, bwana, kisha njoo tuzungumze."

Basi utaona namna mambo yanavyojipanga. Wiki ileile Bwana Hasham alipokea gari jengine, ndugu wa lile langu: jina moja, injini moja, viti viwili vilevile, lakini hili lina paa la bati na milango yenye vioo vya kupandisha. Alikuwa tayari kunibadilishia, mradi nimjibu kabla ya Jumatatu kwisha, maana kuna mtu wa Dar es Salaam aliyekuwa akilitaka. Akanipa ili nilijaribu Jumapili nzima, langu likabaki kwake.

"Hili zito kidogo," alinieleza, akiligonga paa kwa vidole. "Mlimani utalisikia linaguna. Na joto lake usiseme. Lile lako jepesi, lina upepo. Lakini hili ukifunga mlango, umefunga mlango. Mke wako akikaa ndani, nani atamwona?"

"Sina mke, Bwana Hasham."

"Ndiyo nakuuzia gari la kumpatia," akasema.

Sasa sharti nikwambie desturi yangu ya Jumapili, kwani kisa chote kimesimama juu yake. Kila Jumapili nilikuwa nikienda hadi Jozani, nikalisimamisha gari pembeni mwa msitu, nikafungua mkebe wenye mkate wa kumimina, ule mtamu wa mchele anaonipikia mpishi wangu, na chupa ya chai, nikala palepale usukanini. Na kila nilipotia tonge la kwanza mkononi nilisema, "Karibu." Unajua jinsi tulivyolelewa. Mama yangu alikuwa haanzi kula mpaka aseme karibu, awepo mtu asiwepo, hata dirisha likiwa limefungwa. Ulimi wangu ulilishika neno hilo tangu utotoni, ukalichukua mpaka ng'ambo na kulirejesha. Nilikuwa nikiyakaribisha majani na barabara.

Na mkate ulikuwa ukipungua. Naapa. Nilikuwa nikiweka vipande vya kunishibisha, nikigeuka kumimina chai nakuta vimebaki nusu. Nilijiambia ni kima punju, wale wekundu wa Jozani. Siku moja nilimhadithia Bi Zuwena habari hiyo kama kichekesho, kaka yake akiwapo.

"Kima punju hali mkate," Bi Zuwena akasema. "Anakula majani."

"Basi nani anayekula?"

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye unayemkaribisha."

Tulicheka sote watatu, tukazungumza mengine.

Jumapili ile ya majaribio nilitoka alasiri katika gari la paa. Kusema kweli lilinipendeza. Nilipita Darajani, vioo vimepanda, wala hakuna aliyenitania, maana hakuna aliyeniona. Niliona raha, kisha nikaona haya kwa kuona raha. Nilipofika Jozani mvua ikanyesha, mvua nzito ya kufunga njia, na jua lilikuwa karibu kuchwa. Nikasimama mahali pangu, nikaviacha vioo vimepanda, nikafungua mkebe. Nikasema, "Karibu."

Kikagongwa kioo cha upande wa pili.

"Hodi," sauti ya mwanamke ikasema.

Je, wewe ungefanyaje? Mimi nilijibu kama nilivyofunzwa. Nilisema karibu mara ya pili, nikanyoosha mkono nikafungua mlango. Akaingia mwanamke wa makamo aliyejitanda buibui, akakaa, akaufunga mlango taratibu kama mtu anayelijua gari. Nje maji yalikuwa yakimiminika. Buibui lake lilikuwa kavu.

"Leo umejifungia," akasema.

"Mvua," nikamjibu.

"Mvua si mara ya kwanza. Siku ile ya masika ulijifunika turubai kichwani ukala, na hukujifungia."

Siku hiyo haikuwa na shahidi, wala sikuwahi kumsimulia kiumbe. Nikauliza tunavyouliza sisi watu wa hapa tusipomtambua mtu: "Wewe ni nani wa nani?"

"Mimi ndiye unayemkaribisha," akasema. Akatia mkono mkebeni, akachukua kipande cha mkate, akamega, akatafuna bila haraka. "Sukari imepungua. Huyo anayekupikia ana mkono wa choyo."

Utashangaa nikikwambia kwamba nilitaka kucheka. Hofu ilikuwepo, lakini pembeni yake kulikuwa na kitu chengine, kama faraja ya kusikia mtu akikilalamikia chakula chako.

"Lile la wazi liko wapi?" akauliza.

"Dukani. Nataka kulibadilisha kwa hili."

"Limekukosea nini?"

"Watu wanakiona kiti," nikasema. Sijui kwa nini nilimwambia yeye ukweli ambao hata Bi Zuwena sikumwambia. "Kila nikipita wanakiona kitupu."

Akaacha kutafuna.

"Kitupu," akalirudia neno lile polepole, na hapo nilifahamu kwamba nimemuumiza.

Mvua ilikuwa ikipiga bati juu ya vichwa vyetu. Kisha akasema, "Mle nilikuwa nnaingia bila ya hodi. Humu kuna paa na kioo, siingii mpaka unifungulie. Utanifungulia kila Jumapili?"

Niliushika usukani. Nilikuwa nikimfikiria Bi Zuwena amekaa pale alipokaa yule, katika kiti kilekile. Yeye akangoja. Alipoona sina jawabu akajipangusa mikono.

"Haya, nshakula. Nisindikize."

Msomaji, nisikilize hapa kwa makini. Kwetu mgeni hatolewi kwa kufunguliwa mlango tu. Hata akiwa mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto, unanyanyuka, unatoka naye, mnakwenda pamoja hatua chache nje ya kizingiti, ndipo mnapoagana. Nami nililijua hilo. Lakini nje palikuwa na mvua na msitu na giza linaloingia, na miguu yangu haikutaka kusimama kando ya yule mtu. Nilinyoosha mkono mbele yake, nikijihadhari nisimguse, nikabonyeza kitasa. Nikamwambia kwaheri, nami nimekaa.

Akanigeukia. Uso wake sitauelezea, na si kwa sababu ulitisha. Ulikuwa uso wa mtu aliyetolewa nje, basi, na sipendi kuukumbuka.

"Mama yako alikuwa akinisindikiza," akasema. "Mpaka siku zake za mwisho, anajikongoja kwa kushika ukuta, lakini ananisindikiza mpaka mlangoni."

Akashuka. Niliruka nikatoka upande wangu, nikazunguka gari nikimwita. Je, nimwite kwa jina gani? Nilisema "Bibi, bibi," kama mwendawazimu, maji yakinimwagikia. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Nilipopapasa kiti chake niliona kimelowa chapachapa, yeye aliyeingia mkavu, na ndani ya gari mlikuwa na harufu ya udi, udi uleule ambao mama yangu alikuwa akifukiza nyumbani kwetu.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikimwona mama katika ile nyumba, mwanawe yuko mbali, amekaa mbele ya sahani, anasema "Karibu," dirisha limefungwa. Jamaa waliniambia kwamba alikufa peke yake. Niliishi na neno hilo miaka yote. Na sasa nilikuwa nimekutana na aliyekula naye, ningeweza kumuuliza kila kitu, nikamfungulia mlango ashuke.

Asubuhi nilikwenda kwa Maalim Suleiman. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nikaomba kuzungumza na dada yake yeye akiwapo. Nikawasimulia yote. Maalim alikuwa akisoma dua kimoyomoyo, midomo inamcheza. Bi Zuwena alisikiliza mpaka mwisho.

"Na leo utachukua gari lipi?" akauliza.

"Nikichukua la paa nakupata wewe," nikasema. "Nikichukua la wazi, huenda akarudi, nikamuuliza habari za mama."

"Sikukuuliza utapata nini. Nimekuuliza utachukua lipi."

Macho yangu yalikwenda kwenye ufunguo niliokuwa nimeushika. Bi Zuwena aliyafuata.

"Bwana," akasema kwa upole, "mimi nshakuwa mjane mara moja. Sitaki kuolewa na mtu ambaye roho yake imesimama njiani inamngoja mwengine. Nenda kamuulize. Sikukasirikii."

Bwana Hasham alipolifungua gari lake alikunja uso. "Umempakia nani humu? Kiti kimeoza kwa maji, na manukato haya si yako."

"Mgeni," nikamjibu.

"Basi ushapata mke. Lichukue."

"Nipe lile langu, Bwana Hasham."

Alinitazama kama anayetazama mgonjwa, kisha akanipa ufunguo. Lile la paa lilivuka kwenda Dar es Salaam, na Bi Zuwena aliolewa baada ya muda na mtu mwema wa Mkunazini. Nikikutana naye njiani huniuliza hali, wala haniulizi zaidi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Jozani turubai limekunjwa nyuma. Nilikuwa nimemwagiza mpishi atie sukari zaidi. Nikafungua mkebe, nikasema karibu, nikageuka kumimina chai kwa makusudi, nikajikawiza. Nilipoangalia tena, vipande vyote vilikuwepo. Nikangoja mpaka chai ikapoa. Tangu siku ile mpaka hii ninayoandika, mkate haujapungua hata chembe.

Kwa hiyo nakuonya, nami sikuonyi juu ya mashetani. Usilitoe neno la karibu kama mtu apigaye miayo, kwani hujui nani amelisikia na amelisubiri tangu lini. Na akija, awe ni nani, usimfungulie mlango umekaa. Nyanyuka.

Wauza samaki wa Darajani wamechoka kukitania kile kiti, siku hizi huniamkia tu. Jumapili nikishakula hushuka, nikazunguka upande wa pili, nikaufungua mlango, nikatembea hatua chache kuelekea msituni, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayemngoja mwenziwe wa makamo. Nikifika penye miti husema kwaheri. Kisha hurudi garini peke yangu.