Mlango Ndani ya Rangi

Kila Jumamosi baada ya chai, dereva mstaafu wa mtaa wa Kadutu hulipaka nta gari lake jeusi la Peju, kongwe kuliko mashimo yote ya barabara, na hilo si jambo dogo. Huzungusha fulana kuukuu kwa vidole viwili, polepole, kama anayepangusa uso wa mtoto. Gari halitoki tena: watu wamejenga nyumba mbili katikati ya njia.

"Papa, itapita wapi? Juu ya mabati yangu?" humchokoza jirani, Maman Adolphine, kutoka dirishani.

"Miye niko nangojea mutu, maman, siko nangojea njia."

Mtu huyo ni binti yake, aliyefuata dhahabu machimboni Shabunda miaka sita iliyopita, akiahidi kurudi apelekwe kanisani na gari hilo siku ya harusi yake. Marehemu mama yake dereva alikuwa akisema kuikodolea macho njia humkawiza msafiri. Basi yeye huupa mgongo mlango wa ua, akisugua ubavu wa gari mpaka mlango huo uonekane ndani ya rangi.

Leo bawaba zililia. Mkono ukasimama, shingo haikugeuka. Ndani ya weusi ule akaingia mwanamke mwenye mzigo kichwani, akakaribia, akawa muuza makaa.

"Leo hapana, mutoto wangu."

Akachovya fulana kwenye nta, akaanza upya palepale palipokwisha kung'aa.