Mashine Iliyojibu Mstari kwa Mstari

Kwa miaka mingi nimekana, na leo nakubali: ni kweli nilikuwa naiamkia kompyuta. Kila asubuhi, katika ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi, niliiandikia "mwangaluka" kwa Kisukuma chetu, nikabonyeza kitufe, nayo ikanijibu kwamba nimekosea. Siku moja karani wa mizani alinikuta nacheka, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, unaongea na nani?"

"Na kazi."

"Iambie na mimi nipo."

Miaka hiyo wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameruhusiwa, na kampuni yetu iligombania pamba ile ile na wengine. Lori likichelewa, unakuta wakulima wameshaiuzia kampuni nyingine. Bosi wetu, aliyekaa Mwanza, akaleta kompyuta ipange safari za malori. Alinichagua mimi kwa sababu nina shahada. Ya jiografia. Nisipoandika programu, mashine ingehamia tawi la Shinyanga, nami ningerudi ghalani kupokea marobota.

Niliapa haitoki. Lakini programu yangu ya kwanza ilipeleka lori kituo cha Zagayu na haikulirudisha kabisa. Ya pili ilikataa hata kuanza. Ndipo nikagundua kwamba lugha ile ya kuandikia programu inakubali kuulizwa papo hapo: unaandika mstari mmoja, unabonyeza, inajibu; unaandika mwingine. Ukiitajia uzito wa mzigo na uwezo wa lori, inavikumbuka mpaka umeme ukatike. Na umeme ulikatika kweli kweli. Kila uliporudi nilianza upya, kwa hasira, mpaka vidole vikazoea. Bosi akiuliza, nilimwambia programu inaendelea vizuri.

Msimu ulipochanganya, vituo vyote vikiwa vimejaa pamba, simu ya mezani ikalia.

"Lori moja limekatika ekseli Lalago," alisema bosi. "Kabla sijawaita Shinyanga waje kuchukua hiyo mashine, niambie: yaliyobaki yatamaliza mzigo wa Mwamanyili leo?"

Nilibana simu begani, nikachapa. "Hayamalizi, bosi."

"Na nikiongeza lile la Zagayu?"

Nikachapa. "Yanamaliza. Zagayu wasubiri kesho."

"Na jingine likiharibika njiani?"

Nilimjibu kabla hajamaliza kukohoa.

"Kumbe programu imekwisha! Itie kwenye disketi, niigawe matawi yote."

Hapo ningeweza kudanganya tena. Nilichoka.

"Hakuna programu, bosi. Ulivyokuwa unaniuliza wewe, ndivyo nilivyokuwa naiuliza mimi. Mstari mmoja mmoja."

Nilianza kuwaza ghala na vumbi lake.

"Hata nikibadilisha swali katikati, inakubali?"

"Inakubali."

"Ile programu waliyonitengenezea Shinyanga haikubali," alisema, kama mtu anayelalamikia mkwe. "Basi mashine haihami. Na wewe usiende kula mpaka malori yafike Mwamanyili."