Mwali Aliyetolewa Njia Panda ya Mingoyo

Juzi nilimwombea mjukuu wangu wa kike nafasi ya sekondari. Nilibonyeza simu pale pale jikoni, chai haijachemka, jibu likaja kwamba amepokelewa. Akasema, "Asante, bibi," akaenda zake kuoga. Basi? Nilibaki na mwiko mkononi, machozi yananitoka, maana mie, mwenzangu, sikuipata nafasi yangu kwa ukimya namna hiyo.

Enzi zile za ujamaa tulihamishiwa kijiji cha barabarani, si mbali na Mingoyo. Nilipomaliza darasa la saba hakuna aliyengoja majibu. Kijiji chetu kilikuwa hakijawahi kutoa msichana wa sekondari. Kwa hiyo nilipovunja ungo, bibi yangu aliniweka ndani. Yeye ndiye aliyekuwa kungwi wetu, na mwali wake haonekani mpaka siku ya ngoma, baada ya mavuno. Nikakaa humo nikipakwa msio wa kulainisha ngozi, nikinywa uji wa mtama, nikisikia nje korosho zikipasuka kwenye bati la kukaangia. Moshi wake ulinikereketa koo, na kukohoa sikuruhusiwa.

Siku moja nikasikia sauti ya mwalimu uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu."

"Mjukuu wako kachaguliwa sekondari, Lindi. Asipofika keshokutwa, nafasi anapewa mwingine."

"Lakini huyo ni mwali, mwalimu."

"Najua, bibi."

Nilikuwa nyuma ya ukuta wa udongo, nimejiziba mdomo kwa kanga. Niliitaka shule ile kuliko kitu chochote, na mwali hasemi. Mwalimu akaondoka.

Bibi akaendelea kubangua korosho. Jioni jirani yetu akaja kumwonya. "Ukimtoa kabla ya siku yake utachekwa, shoga. Kungwi mzima!"

"Nusu shari kuliko shari kamili," bibi akasema. "Wacha wanicheke. Ila mwali wangu hatoki kama mwizi."

Asubuhi ya safari, ngoma zilikuwa hazijaandaliwa, wanawake wakashika madebe na masufuria. Aliyetangulia na debe ni jirani yule yule. Nikafunikwa kanga gubigubi, nikashikwa mkono hadi njia panda, wakiimba njia nzima. Basi likasimama.

"Mama, tunachelewa!" kondakta akafoka.

"Subiri, baba. Mwali anatoka."

Na akasubiri. Bibi akanifunua mlangoni pa basi, akanipaka mafuta ya nazi usoni, vigelegele vikapanda. Abiria wakanitunza machungwa kupitia madirishani. Nililia hadi Lindi, kwa furaha na kwa kumwacha bibi.

Bibi hayupo tena, Mungu amrehemu. Njia panda ile imejaa bodaboda, na ndoo za siku hizi ni za plastiki, hazilii. Nafasi za shule zinakuja zenyewe simuni, na watoto wanaondoka nyumbani bila mtu kujua.

Ndiyo maana juzi, pale jikoni, nikachukua sufuria, nikaigonga kwa mwiko, kigelegele kikanitoka. Mjukuu akachungulia kutoka bafuni, povu kichwani.

"Bibi, kuna nini?"

"Subiri, mama," nikamwambia. "Mwali anatoka."