Uso wa Kuazima

Lorna Wambura alikuwa na kazi ambayo mama yake, kule Karurumo, hakuipenda hata siku moja: alikuwa akiwapaka rangi watu ambao hawajazaliwa.

Kazi yenyewe aliifanyia katika chumba kidogo cha nyuma cha kliniki moja mjini Meru, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Chumba cha mbele kilikuwa cha Ndambiri, mtaalamu wa skani ambaye wateja wote walimwita daktari, naye hakuwahi kukataa. Ndambiri alipitisha kifaa chake juu ya tumbo la mama mjamzito, na uso wa mtoto ukainuka kwenye kioo cha mashine, una paji, una mashavu, una kina, kama mtu anayechungulia dirishani. Hiyo ndiyo picha ya 3D iliyokuwa ikiwatoa watu vijijini. Lakini mashine ile haioni, inasikia. Inapeleka sauti tumboni na kuisikiliza inavyorudi, na sauti haina rangi. Kila mtoto alitoka humo akiwa wa kijivu kama jivu la jikoni. Rangi ilikuwa ya Lorna.

Watu walilisahau jambo hili upesi, hata walipoambiwa. Mpe mtu karatasi inayong'aa yenye uso wa mwanawe, ngozi ya maji ya kunde na midomo imenona, uone kama atakuuliza rangi umeitoa wapi. Atalia tu. Na Lorna alipenda wakilia. Alipenda pia wakimrudia na jirani zao, wakimwita kwa jina.

Alikuwa amemaliza shule Karurumo, akaja Meru kwa shangazi yake, akaandikwa kazi katika studio ya picha. Huko ndiko alikofunzwa siri ya ufundi ule: hakuna mtu anayeitaka sura yake. Bi harusi anataka chunusi ziondoke. Mzee anataka meno yake yarudi. Na marehemu, maskini, anang'olewa kwenye picha ya kitambulisho akavishwa suti ambayo hakuivaa maisha yake yote, apate kupendeza siku ya mazishi. Lorna aliwapa wote walichotaka, na hakuona dhambi mahali popote. Simu zilipoanza kupiga picha nzuri kuliko kamera ya tajiri wake, studio ikafa. Phyllis, mwenye kliniki, akamchukua Lorna kwa sababu ya mkono wake mzuri wa rangi.

"Mtoto hanunuliwi hata soksi kabla hajalia," mama yake alimwambia siku alipopata kazi. "Wewe unamtundika ukutani."

"Mum, si ni picha tu," Lorna akajibu, na wakaishia hapo.

Kisha ikaja programu mpya. Phyllis aliinunua kwa watu wa Nairobi, na ilikuwa na maajabu mawili. La kwanza, ukiipa picha ya mzazi, iliazima rangi ya ngozi yake ikamvisha mtoto. La pili, pale mtoto alipojiziba uso kwa mkono, kama wafanyavyo wengi, programu iliuondoa mkono na kulijaza pengo kwa sura ya huyo mzazi. Ndambiri aliitazama ikifanya kazi akakunja uso. "Hiyo si skani tena, ni uchoraji," akasema, na akaagiza kila picha iandikwe chini kwamba ni pambo, si kipimo. Phyllis akaona maandishi yanaharibu urembo, tena fremu alizokuwa amenunua zilikuwa fupi. Lorna akawa anayakata kwa mkasi.

Siku Susan Gatwiri alipokuja, foleni ilikuwa imefika ngazini. Susan alikuwa ametoka Kiirua, mimba yake ya kwanza, mtoto wa kiume kama alivyokwisha kuambiwa. Aliingia kwa Ndambiri, na kwenye benchi akabaki mwanamume mrefu, mweusi ti, mwenye pua pana na kidevu chenye kishimo katikati. Alikuwa ameketi wima kabisa, ameshika sweta la Susan na mkoba wake mwekundu wa mkononi.

Sasa, huku kwetu mwanamume habebi mkoba wa mwanamke. Akiubeba, basi ni wa mkewe, tena mkewe mjamzito, tena ameombwa sana. Lorna aliuona ule mkoba, na hakuona haja ya kuuliza lolote.

"Angalia hapa kidogo," akamwambia, akainua simu.

Mwanamume akaangalia. Siku hizi mjini kila mlango unakupiga picha, wa benki, wa ofisi ya kaunti, hata wa duka kubwa. Naye akadhani ndio utaratibu wa pale.

Picha ya skani ilipofika kwenye kompyuta ya Lorna, mtoto alikuwa ameweka kiganja juu ya uso, amejificha kuanzia chini ya macho hadi shingoni. Lorna aliipa programu picha ya mwanamume wa kwenye benchi. Mkono ukayeyuka. Pakatokea pua pana, kidevu chenye kishimo, ngozi nyeusi nzuri iliyoiva. Printa ikaitoa karatasi polepole, mstari kwa mstari, na Lorna akaipenda kuliko zote alizopiga chapa mwezi ule. Susan aliipokea akaibusu. Hakuona pua ya mtu, aliona mwanawe.

"Jirani, twende," akamwambia yule mwanamume, akachukua mkoba wake. "Umeniokoa leo, Muthamia. Kithinji mwenyewe alinyimwa ruhusa huko kwa shamba la maua Timau, na hiyo pikapu yako ilikuwa inakuja soko la Gakoromone kuleta kabeji. Mungu akubariki."

Lorna alisikia kila neno. Jirani. Angeweza kuita, walikuwa bado wanashuka ngazi, na kicheko cha Susan kilisikika chini. Lakini benchi lilikuwa limejaa, Phyllis alikuwa mlangoni akihimiza, na kumwita mtu arudi ni kukiri mbele ya wote kwamba ulichompa si chake. Akajiambia nani atajua. Mtoto ni mtoto tu, pua zao zote ni mviringo. Akaita mteja mwingine, na mchana kutwa mikono yake ikawa mizito.

Waswahili walisema kitanda hakizai haramu. Walisema hivyo kabla ya watu kuanza kutundika nyuso ukutani.

Aliyekuja baadaye hakuwa Susan. Alikuwa mama mtu mzima mwenye kilemba safi na viatu vya kanisani, amebeba kitu bapa ndani ya leso. Alijitaja kwa sauti ya chini: Nkirote, mama yake Kithinji. Alisubiri zamu yake kwenye benchi kama wengine, hakutaka kupitishwa mbele. Zamu ilipofika alifungua leso juu ya meza ya Lorna, na uso ule mweusi ukatokea ndani ya fremu.

"Mwari," alisema, akimwita binti kwa Kimeru, "mzee wangu alikufa. Huyu mtoto ndiye wa kubeba jina lake, M'Ikiara. Nimekuwa nikimwita mume wangu tangu nisikie ni kijana. Nikawaambia kina mama wa kanisa waje kwangu wamwone mume wangu kwa picha. Wakaja. Mmoja akaangalia, akaangalia tena, akasema, huyu mbona ni Muthamia wa pikapu? Wote wakanyamaza. Na mimi nikaona."

Akaweka kidole juu ya kioo, penye kishimo cha kidevu.

"Nimekuja kuuliza. Hii mashine, inaweza kukosea?"

Lorna alifungua kinywa. Hapo ndipo maisha ya Susan yalipokuwa yamesimama, juu ya meza ile, na Lorna alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini Phyllis alikuwa amesikia neno kukosea, na wateja walikuwa wamegeuza vichwa. Akaja upesi, akamshika Nkirote bega kwa upole wa watu wenye biashara.

"Mama, hii ni teknolojia. Haijui uongo. Inaonyesha tu vile iko."

"Ndivyo?" Nkirote akauliza, lakini alikuwa akimtazama Lorna.

Lorna akainamisha macho kwenye kibodi. Woga ni kitu cha ajabu. Hukufunga mdomo halafu hukuachia masikio wazi. Alisikia leso ikifungwa. Alisikia yule mama akisema taratibu, "Nilikuwa naomba iwe imekosea." Kisha viatu vya kanisani vikashuka ngazi.

Wiki ile Lorna hakula vizuri. Kila uso uliotoka kwenye printa ulimtazama. Alitaka kumweleza Ndambiri, akaahirisha. Alitaka kupiga simu Kiirua, akakosa la kuanzia. Mwishowe aliomba ruhusa kwa kisingizio cha ugonjwa, akatia kompyuta ya mkononi kwenye mfuko, akaenda mwenyewe. Kiirua upepo ulikuwa ukivuma kutoka mlimani, na mashamba ya viazi yalikuwa yamechimbwa. Alipouliza kwa Kithinji, mwanamke wa dukani alimwonyesha njia bila kumwangalia usoni. Njiani aliipita pikapu ya Muthamia imeegeshwa, vioo vyake vimevunjwa vyote.

Susan hakuwepo. Alikuwa amerudishwa kwa wazazi wake, na mimba yake. Kithinji alimkaribisha Lorna sebuleni, kijana mwembamba, mweupe wa uso, mwenye pua nyembamba kama ya mama yake. Nkirote alikaa pembeni, mikono mapajani.

Lorna akasema yote. Alisema juu ya mkoba mwekundu, simu, kiganja cha mtoto na pengo. Alilia akisema. Na kwa kuwa machozi ya mtu mgeni hayatoshi kuwa ushahidi, alifungua kompyuta awaonyeshe. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, ingawa wakati ule aliona ndiyo busara. Alimpiga Kithinji picha, akaipa programu, akaigeuza kompyuta imwelekee. Mtoto yule yule, macho yale yale yaliyofumbwa. Lakini sasa alikuwa mweupe, mwenye pua nyembamba, Kithinji mtupu.

"Unaona?" Lorna akasema. "Ni huyo huyo. Mimi ndiye niliweka sura ya Muthamia. Susan hana makosa."

Kithinji aliutazama uso ule kwa muda mrefu. Mkono wake ulianza kwenda kwenye kioo, ukarudi.

"Kumbe unaweza kumfanya wa mtu yeyote," alisema.

"Ndiyo! Ndiyo hiyo nasema."

"Basi ni Susan amekutuma."

"Hapana, kaka, naapa. Sijaongea naye hata."

"Mlikaa na yeye mkapanga. Ya kwanza ilitoka vile iko, sasa mmetengeneza hii ya kunipoza." Akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Lorna zaidi. "Mama yangu alikuja kliniki akakuuliza mbele ya watu, ukanyamaza. Leo uko kwangu, unaongea. Nikuamini wa siku gani?"

Lorna alimfungulia ile ya kijivu, ya asili, yenye kiganja na pengo. Kithinji alikuwa ameshatoka nje. Walimsikia akiwafokea ng'ombe.

Nkirote alimsindikiza mgeni hadi kwenye lango, kama adabu inavyotaka. Langoni yule mama alisimama, akashika mti wa ua.

"Mimi nimekuamini," alisema. "Nilishuku hata ile siku, ulipoangalia chini. Mtu mwenye ukweli hangeangalia chini, lakini nikafuata neno la tajiri wako."

"Basi mwambie, mama. Wewe atakusikia."

"Nimesema kanisani, mwari. Nimesimama mbele ya kina mama wote nikasema huyo mtoto si wetu. Wazee wa ukoo wamekaa kwa hiyo maneno yangu. Muthamia amepigwa kwa hiyo maneno. Sasa niseme nini? Kwamba nilifukuza mume wangu kwa mlango wangu?"

Alirudi ndani, akatembea kama mtu aliyebeba maji.

Mvua zilipoanza, Lorna alipata namba ya Susan, akapiga. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata alitamani. Susan alimsikiliza hadi mwisho. Kwa mbali mtoto alikuwa akilia, kilio cha nguvu, cha mtu mwenye afya.

"Alizaliwa salama," Susan alisema. "Tulingoja watu wa Kiirua waje wampe jina. Tukangoja. Hakuna mtu alikuja. Ameitwa jina la baba yangu, kama mtoto wa msichana ambaye hajaolewa."

Lorna akauliza swali ambalo baadaye angetamani angekata ulimi asiliulize. "Amefanana na nani?"

Kule ng'ambo mtoto akanyamaza. Labda alikuwa amepewa titi.

"Sijui," Susan alisema. "Wewe mwenye kutengeneza nyuso, niambie. Nikimshika kunyonya, ninaangalia ukuta. Najua ni wa Kithinji, sijawahi kumjua mwanamume mwingine. Lakini kila nikimwangalia, ninajikuta namkagua kidevu."