Badilisha Mpira

Nikisikia mtu akisema eti mimi, Aketch, nina roho nzuri na wazee, napandwa na hasira. Nyamazeni kwanza niwaeleze.

Mzee Tarsem alizaliwa Kisumu, nyuma ya duka la baba yake, na huko ndiko alikoanza kurusha mpira wa kriketi ukutani mpaka chokaa ikabanduka. Alipofika miaka kumi na saba akapelekwa India. Akawa mrushaji wa timu ya taifa miaka tisa, mwenye kasi ya kuwatia wapigaji baridi kabla hajauachia mpira. Goti likamwangusha. Akamfuata binti yake Simran huko Sydney, Australia, akauza redio na pasi, akazeeka.

Nilimkuta kwenye nyumba ya wazee huku Quakers Hill, pembezoni mwa Sydney, ninakofanya kazi. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Kiingereza, kisha Kipunjabi, kikamwachia Kiswahili cha dukani tu. Simran hakukijua hata neno. Mimi, mtoto wa Kisumu, nikawa mdomo wake. Nilivimba kichwa, nakiri. Manesi walikuwa wakiniita hata nikiwa nakula: "Aketch, njoo, anasema nini?"

Mchana tulitazama kanda zake za zamani. Hapo ndipo nilipojua kwamba mpira ukichakaa, mrushaji humwendea mwamuzi na kuomba ubadilishwe. Mzee alikuwa akifanya hivyo karibu kila mechi, mbishi kweli.

Jumamosi moja asubuhi alinishika mkono kwa nguvu. "Mama, mpira iko mbaya. Badilisha mpira."

Nilicheka. "Haya mzee, mwamuzi amesikia."

Aliendelea kutwa nzima, jasho likimtoka. Nesi akaniuliza shida ni nini. Nikamwambia anataka mpira mpya wa kriketi, naye akaandika hivyo hivyo kwenye faili. Mfuko wake wa mkojo, ulioning'inia kando ya kitanda, ulikuwa karibu mtupu. Nikadhani hajanywa maji ya kutosha, nikamnywesha glasi mbili.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilienda kumnunulia mpira, mwekundu, wa ngozi, bado unanukia duka. Nilimkuta anatetemeka, tumbo limevimba na kuwa gumu. Nikamwekea mpira kiganjani. Akauachia ukaanguka. Akavuta shuka, akakamata ule mrija wa mkojo uliokuwa umeziba, akalia machozi. "Hii, mama. Mpira hii."

Mungu wangu! Kwani kwetu tunauitaje? Mama yangu mwenyewe aliwekewa mpira wa mkojo miezi minne, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwaga ndoo.

Nilipiga kelele mpaka korido nzima ikaja. Ambulensi ikamkimbiza hospitali ya Westmead, lakini maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, kwa kila lugha niliyo nayo. Jumatano akafa.

Simran alinikumbatia pale mlangoni pa wodi. "Niambie, siku zile za mwisho baba alikuwa anaomba nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nilikuwa nimeshaamua.

"Mpira mpya," nikasema.

"Na wewe ukamnunulia! Niliuona kando ya kitanda chake." Akalia, akanibusu mikono yote miwili. Siku ya mazishi akaniomba mimi, niliyemwelewa baba yake kuliko watu wote, niuweke mpira ule ndani ya jeneza. Nikauweka kwenye kiganja kile kile kilichouachia.