Baba Alivyomnyang'anya Jirani Oxygen Wodini

Wakuu, chamgei, yaani hamjambo. Hii sikusimuliwa. Nilikuwa pale pale wodini, nimeshika thermos ya chai.

Majuzi Baba alibanwa na kifua akichuma majani chai hapa kwetu, upande wa Kapkatet. Tukamkimbiza hospitali. Wakasema ni moyo, lakini tumewahi. Akalazwa.

Kitanda cha pili nani? Mzee arap Rono, jirani yetu, ana nimonia.

Hawa wazee wameshindana maisha yao yote. Majani ya nani ni mazuri, ng'ombe wa nani ana maziwa mengi. Sasa Rono alikuwa na mask ya oxygen na Baba hana.

Na ile mask inavuta watu bwana! Akina mama wa kanisa walimwombea Rono mpaka wakatoa jasho. Kwa Baba walisema amina wakapita.

Baba akaita sista. "Na mimi niwekee hiyo hewa. Kwani mimi ni mgonjwa wa aina gani?"

Sista akambana kidole na kile kimashine cha kupima oxygen, akamwonyesha. "Mzee, damu yako iko na oxygen ya kutosha. Nikiongeza ya bure, mishipa inajikaza, moyo inasukuma damu kwa shida. Na hiyo moyo ndio tunataka ipumzike."

Baba akajifunika blanketi. Nikadhani ameelewa. Wapi!

Rono alipotoa mask anywe uji, mimi nikageuka kumimina chai. Kurudisha macho, mask iko kwa uso wa Baba. Amefunga macho, anavuta hewa kwa raha zake.

Rono naye anahema, hawezi hata kupiga kelele. Hapo niliogopa sana wakuu. Nikaita sista, akaja mbio, akamrudishia Rono mask yake.

Alipompima Baba, pressure ilikuwa imepanda. Kama ni ile hewa ama ni kushikwa na mali ya wizi, sista mwenyewe hakujua.

Rono alipotulia nikawaka. "Baba, unataka kuua mtu?"

Akaangalia ukuta. "Nilifikiri wameniachilia nife. Mtu wa kufa si ndio hawekewi kitu?"

Hasira yote ikaniisha.

Rono akainua mask kidogo. "Wewe, kama ungekuwa unakufa, si ningekupatia mimi mwenyewe?"

Baba akacheka, kisha machozi yakamtoka. Sikuwahi kuyaona.

Nilichojifunza: oxygen ni dawa, si heshima. Anayeihitaji apewe, na asiyeihitaji inaweza kumsumbua moyo. Waachieni daktari na sista waamue.

Lakini hii nyingine ndiyo inaniuma. Tulimweleza Baba kila kidonge, na katika sisi wote hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba atapona.

Nyinyi wazee wenu wakilazwa huwa mnawaambia nini? Semeni hapa chini. Na wa kucheka acheke, Baba ako nyumbani na anacheka kutushinda sote.