Mama Alivyomfuata Aliyeniangusha Uwanjani

Wasee, leo mamangu ameingia kwa hema la wapinzani wetu.

Ngojeni niwaambie.

Tulikuwa tunacheza raga ya wachezaji saba, zile mechi za dunia za daraja la pili, hapa hapa Nairobi. Mama alitoka Gatina kuja kuniona mara ya kwanza. Miaka yote husema huu mchezo utanivunja shingo.

Dakika ya tano, msichana mmoja mrefu wa timu ya wageni akaniangusha vibaya. Pumzi ikakatika. Nikatolewa nje nikichechemea.

Tukashinda, lakini kutazama jukwaani, mama hayuko!

Mwenzangu akaniambia, "Mamako alikuwa anauliza yule mrefu amekaa wapi."

Nikajua kumewaka. Nikakimbia na mguu mmoja.

Nikampata ndani ya hema lao. Yule msichana amemlalia begani, analia kama mtoto. Hawaelewani hata neno moja. Mama anampapasa mgongo tu, "Pole mami, pole," huku akimmenyea yai la kuchemsha.

"Mama, si huyu ndiye ameniangusha?"

"Najua. Nilikuja kumgombeza, nikampata analia peke yake."

"Na mimi je?"

Akaangalia mguu wangu, akanivuta nikae upande wake mwingine.

"Wewe mama yako yuko hapa. Wake yuko mbali."

Nikakaa. Nikapewa nusu ya yai.

Semeni ukweli, nyinyi mngeweza kubaki na hasira?